Kituo kinachoitwa Kagera: siku nane na Babu mjini Dar

Siku ya kwanza, Jumapili

Nimemkuta Babu stesheni ya Dodoma amekaa kwenye benchi la nje, pama magotini, fimbo katikati ya miguu, na pembeni yake kiroba kilichoshonwa mdomo kwa uzi wa katani. Ndani mna karanga, unga wa uwele na mlenda mkavu. "Mbukwa, mchumba wangu," amenisalimia kwa Kigogo kabla sijamfikia. Siku hizi watu anawajua kwa mwendo, si kwa sura. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. La kulia limeziba kabisa, na kwa la kushoto anaona kama mtu anayechungulia ndani ya mfuko wa rambo.

Tunakwenda Dar kutibu jicho la kulia. Naishi Kimara, nitamwuguza mimi. Mama amenipigia simu mara tatu kunikumbusha kwamba Babu hali chakula cha hotelini na hapendi kushikwa mkono akivuka barabara. Nimeamua kuandika kila usiku kabla sijalala, maana Babu ana miaka 68, na habari za vita vyake tumezisikia vipandevipande tu, kama redio ya betri zilizochoka.

Treni ya umeme haina ule mtikisiko aliouzoea, na jambo hilo limemsumbua. "Hii inakwenda au imesimama?" Nimemwambia inakwenda. Akanyamaza, kisha akasema, "Tukifika Gulwe uniambie."

Gulwe ndiyo stesheni ya Mpwapwa. Hapo ndipo alipopandia treni mwaka 1978, akiwa kijana wa miaka 21, mkulima wa mtama na karanga aliyekuwa hajawahi kulala nje ya wilaya yake. Anasema siku ile walipoitwa alikuwa shambani akiberega, anafyeka mabua ya msimu uliopita na kuyachoma ili mvua ya Desemba ikute ardhi safi. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akazungumza na wazee wa Dar es Salaam, na kijiji kizima kikakusanyika nyumbani kwa mwenyekiti kumsikiliza. Mwenyekiti alikuwa ameanika betri juani tangu asubuhi ili sauti isikatike katikati. Yale maneno ya uwezo, sababu na nia, ambayo mimi nimeyasikia mara mia kwenye simu, Babu aliyasikia mara moja tu, amesimama nje dirishani kwa sababu ndani palijaa.

"Sikuwa na hasira," amesema. "Kagera nilikuwa siijui iko upande gani. Lakini nilifikiri, mtu akiingia kwenye shamba la jirani yako akaanza kuvuna, wewe unakaa?"

Alikuwa amepitia mafunzo ya mgambo pale kijijini, kwa bunduki za kuchonga mti. Vijana saba waliondoka siku moja. Mama yake alimfungia karanga za kukaanga kwenye kitambaa, akakataa kumsindikiza hadi Gulwe.

Nilipoona kibao cha Gulwe nimemgusa bega. Amegeuza uso dirishani, akauacha pale hadi tulipoingia kwenye mahandaki ya Kilosa. Sijui aliona nini. Nadhani mwanga tu.

Siku ya pili, Jumatatu

Hospitali, vipimo, foleni. Daktari ni kijana mpole, alimwamkia "Shikamoo Mzee" na kumweleza kila kitu kwa Kiswahili cha kawaida: watatoa ile lenzi aliyozaliwa nayo iliyoingia ukungu, wataweka nyingine ya kutengenezwa, ganzi ni ya jicho tu, hatalala usingizi. Babu ameuliza swali moja, kama ataweza kupanda Desemba. Ataweza. Upasuaji ni Jumatano.

Lililonishika leo limetokea njiani. Tulipanda basi la mwendokasi Kimara, kijana mmoja akampisha Babu kiti. Tumepita Ubungo, tumepita Manzese, halafu mama mmoja aliyebeba ndoo akawa anasukumana kuelekea mlangoni, anapaza sauti: "Kagera jamani, nashuka Kagera, naomba njia!"

Babu alisimama. Alisimama wima kabisa, fimbo mkononi, kama mtu aliyeitwa jina. Nikamshika mkono, na safari hii hakuukataa. Nilimweleza kwamba ni kituo tu, kipo kabla ya Magomeni, kila siku nakipita na sijawahi kukifikiria. Amekaa polepole.

"Kwa hiyo watu hapa wanakwenda Kagera na kurudi kila siku?"

"Kila siku, Babu."

"Kwa nauli kiasi gani?"

Nimemtajia. Akatikisa kichwa, akakaa kimya hadi mbele kidogo, ndipo akaniuliza kama kweli baada ya Kagera ni Magomeni. Kumbe kuna mtu wa Magomeni anayemtafuta moyoni miaka 46. Hajawahi kumtaja mbele yetu, wala mama hamjui. Ni mwenzake wa kikosi, mtoto wa mjini, aliyemwambia siku moja wakiwa handakini: ukija Dar uliza Magomeni Kota, mimi najulikana. Nimemwahidi tutakwenda, ila baada ya jicho.

Siku ya tatu, Jumanne

Leo hatukuwa na miadi, nikampeleka Posta kuona Sanamu la Askari, lile ambalo wazee wa Dar wanaliita Sanamu la Bismini. Nilitaka tu asikae ndani siku nzima. Sikujua nampeleka wapi.

Lipo pale Samora inapokutana na Azikiwe, askari mweusi wa shaba, bunduki na singe mbele, anaelekea bandarini. Wajerumani walikuwa wameweka hapo sanamu la gavana wao Wissmann mwaka 1911. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaling'oa, na mwaka 1927 wakamsimamisha huyu askari kwa ajili ya Waafrika waliopigana na kutumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Magari yanamzunguka kutwa. Nimefanya kazi karibu na hapo mwaka mzima, na hata siku moja sijavuka barabara kusoma yaliyoandikwa chini yake.

Leo nimevuka, Babu begani. Kuna maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na ya Kiswahili kwa herufi zetu. Nimemsomea haya ya tatu. Nilipofika mahali panapotaja wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, Babu akanyoosha kiganja mbele akitafuta maandishi. Nikauweka mkono wake juu ya neno lenyewe. Akawa anapitisha kidole kwenye herufi, moja baada ya nyingine.

"Rudia hapo."

Nimerudia.

Babu mzaa baba yake alichukuliwa kuwa mpagazi wakati wa vita ile. Ugogo ulikamuliwa pande zote. Wajerumani walichukua wanaume, ng'ombe na nafaka, wakaja Waingereza wakafanya vilevile, halafu mvua ikagoma. Njaa iliyofuata wazee wetu waliiita Mtunya, na ilitafuna watu mpaka karibu mwaka 1920. Yule mzee alibeba mizigo kuelekea kusini na hakurudi. Hakuna aliyeleta habari, hakuna aliyeleta kitambaa chake. Nyumbani walimngoja mpaka mkewe akazeeka.

"Na mimi nilibeba," Babu amesema. "Watu wakisikia nilikwenda vitani wanadhani nilipiga bunduki. Nilipiga mara chache, na sijui kama nilimpata mtu. Kazi yangu ilikuwa kubeba makombora ya mota. Sanduku la mbao, kamba mbili, unaliweka hapa." Akajigusa mfupa wa bega, juu ya shati. Nimeupapasa. Una kibonge kigumu kama goti la mbuzi. Nimekaa na mzee huyu utoto wangu wote, amenibeba begani hilohilo, na sikuwahi kuuliza kile kibonge ni cha nini.

Ameuliza majina ya wapagazi yameandikwa upande gani. Nimelizunguka sanamu lote. Hakuna jina hata moja. Nimemwambia, akaitikia "Haya," akaomba turudi nyumbani.

Siku ya nne, Jumatano

Upasuaji umekwenda vizuri. Haukufika hata nusu saa. Ametoka amefungwa jicho, akalalamika njaa. Masharti: asiiname, asibebe kitu kizito, asilowanishe jicho, asilalie upande huo, na matone kila baada ya saa nne.

Usiku umeme umekatika. Nilikuwa nimekaa chini kando ya kitanda nikingojea saa ya matone, simu ikinimulikia. Akasema zima taa, unamaliza chaji. Tukakaa gizani. Hapo ndipo akanieleza Lukaya, na nitajitahidi kuiandika kama alivyoisema.

Walisafiri kwa treni hadi Mwanza, kwa meli hadi Bukoba, kwa lori hadi Kyaka. Daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa na watu wa Amin mwanzoni mwa Novemba, na walipofika wao tayari jeshi lilikuwa limeshaweka la kuvukia. Alichokiona kwanza ng'ambo ni kanisa lililobomolewa, na baada ya kanisa, migomba. "Migomba hadi macho yanachoka, na hakuna mtu. Ndizi zimeivia mtini, zinaoza. Nikachukua udongo nikauminya. Mweusi, unashikana kama unga wa ngano. Nikajiuliza, mtu mwenye udongo kama huu amekimbia, basi aliona kitu kibaya sana."

Januari wakachukua Mutukula. Februari wakaingia Masaka. Kikosi chake kilikuwa cha Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo, wakulima kama yeye. Machi wakasogea Lukaya, ambako barabara ya Kampala inapita katikati ya kinamasi, matete na mafunjo kila upande. Jioni ya tarehe 10 wakashambuliwa. Gaddafi alikuwa ameleta askari wake kumsaidia Amin, na walikuwa na ile mizinga inayotupa roketi kwa mfululizo.

"Sauti yake si ya mlio. Ni kama mtu anachana shuka kubwa, linachanika juu ya kichwa chako, halisimami."

Brigedi ilitawanyika. Hilo limeandikwa katika historia ya vita ile, si siri, ila sikuwahi kumsikia mzee akilisema kwa kinywa chake. Babu alilitupa sanduku, akaingia kwenye matete, maji kifuani, akaenda tu bila kujua anakwenda wapi. Alisikia sauti ya yule wa Magomeni nyuma yake ikimwita kwa jina la kabila: "Mgogo! Mgogo, mzigo wako!" Hakugeuka. Alikesha amekumbatia shina la mafunjo, ruba miguuni.

Kabla ya mapambazuko waliobaki wakaanza kukusanywa. Usiku huohuo Brigedi ya 208 ilikuwa imezunguka mbali na kutokea barabara ya Kampala, nyuma ya adui, na alfajiri ya tarehe 11 wakawabana pande mbili. Babu alitoka majini, akaifuata barabara akitafuta kikosi. Akamkuta mwenzake amekaa kando ya lami. Amekalia masanduku mawili, moja juu ya jingine.

"Hakunitukana. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alinyanyuka, akachukua lake, akaniambia: lako hilo."

Wakaenda wote. Siku chache baadaye malaria ikamwangusha Babu, akarudishwa Masaka. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili yeye alikuwa amelala chini ya blanketi mbili, anatetemeka. Mwenzake alikuwa ameendelea kaskazini na kikosi, na hawakuonana tena. Agosti 1979 Babu alikuwa kwao. Miezi tisa, basi. Uanajeshi wake wote ni msimu mmoja wa kilimo.

"Nilikuwa naogopa kuja Dar," alisema gizani. "Nikija nitauliza Magomeni, na wakiniambia hakurudi, nitafanyaje?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikamtilia matone.

Siku ya tano, Alhamisi

Bandeji imetolewa. Muuguzi akamwuliza anaona nini, akasema, "Naona dirisha limevunjika pale juu." Kweli kulikuwa na kioo kimoja chenye ufa. Halafu akanigeukia, akanitazama muda mrefu sana mpaka nikaona haya. Nina baka dogo jeusi chini ya sikio, la kuzaliwa. "Hilo la bibi yako," akasema. "Kumbe lilikwenda kwako."

Bibi alifariki mwaka 2011. Alikuwa mchumba wake tangu kabla ya vita, akamngoja. Mama yangu alizaliwa Mei 1980, hesabu mwenyewe.

Jioni tumekaa barazani kwangu, ananisimamia nikaange karanga, maana hataki zikaushwe juu ya moto mkali. Unazikaanga na mchanga safi ili ziive sawasawa, kisha unachekecha. Mchanga nimeuokota kwenye tofali za jirani na nikauosha mara tano kabla hajaridhika. Majirani wawili wamejisogeza, watoto wao wamejaa miguuni pake, naye akawa anaeleza maisha ya baada ya vita kama jambo la kawaida kabisa.

Alirudi na vitu vitatu: viatu, blanketi, na maharage ya Masaka aliyoyafunga kwenye soksi. Karatasi yake ya kuachishwa jeshi aliihifadhi kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mwaka 1986 alilifungua akakuta mchwa wamepanda kwa chini na kumaliza kila kitu, karatasi, picha ya kikosi, cheti cha ubatizo. Kuna ofisi moja alikwenda baadaye kuuliza kama jina lake lipo popote. Walimpokea vizuri, wakamwambia alete karatasi. Aliwaeleza habari ya mchwa. Wakamwambia basi alete namba. Namba anaikumbuka mpaka leo, ameitaja hapo barazani bila kusita, tarakimu zote. Walipoiandika kwenye daftari wakamwambia atapigiwa simu. Hiyo ni miaka kumi na kitu iliyopita. Haendi tena. Hataki fedha. Anataka siku moja mtu afungue daftari lolote lile na kumwambia, ndiyo, ulikuwepo.

Mimi jambo hili linaniuma kuliko linavyomuuma yeye. Mtu anaweza kukumbuka namba aliyopewa akiwa na miaka 21, na daftari likaisahau?

Maharage yalitoa misimu miwili. Ardhi ya Mpwapwa haikuyapenda, jua likayakausha kabla hayajaweka mbegu ya tatu. Miaka ile ilikuwa migumu kwa kila mtu. Mwalimu alikuwa ameiomba nchi ijifunge mkanda kwa miezi 18, na miezi 18 ikawa miaka. Sabuni haikuwepo, Bibi alifulia majivu na maji ya mbegu za mti. Khanga ilikuwa hadithi. Babu alilala na lile blanketi la jeshi mpaka likawa kamba, na vipande vyake vikawa nepi za mama yangu. Baadaye alizeti ikaja na mashine za kukamua mafuta, na alizeti ndiyo iliyosomesha watoto watano. Shamba la ekari sita. Hajawahi kuuza hata hatua moja, hata mwaka wa El Nino maji yalipobeba nusu ya udongo wake.

Mtoto wa jirani akamwuliza, "Babu, ulimwona Idi Amin?" Akajibu hapana, alimwona mwenye njaa mmoja tu, naye alikuwa askari wa Amin, mtoto mdogo, wakampa biskuti.

Siku ya sita, Ijumaa

Ameomba kuona mahali Mwalimu alipozungumzia siku ile. Tumekwenda Upanga, Diamond Jubilee. Kulikuwa na watu wanapamba ukumbi kwa ajili ya harusi ya kesho, vitambaa vya rangi ya zabibu mbichi na maua ya plastiki. Mlinzi alipoelezwa huyu mzee ni nani akatufungulia bila neno.

Babu amesimama mlangoni, akapima ukumbi kwa jicho lake jipya, kushoto hadi kulia. Miaka yote alifikiri Mwalimu alikuwa uwanjani, chini ya mti mkubwa, maana kwenye redio makofi yalisikika kama mvua. "Kumbe ndani," amesema. Akahesabu hatua kutoka mlangoni mpaka jukwaani. Hamsini na kitu. Mwanamke aliyekuwa juu ya ngazi akifunga kitambaa akamwamkia, akamwuliza kama ni baba wa bwana harusi.

Hatukukaa. Alikuwa anawaza Magomeni.

Siku ya saba, Jumamosi

Tumeshuka kituo cha Kagera. Yeye ndiye aliyetaka tushukie hapo, tutembee hadi Magomeni kwa miguu. Ni mwendo kidogo, na nilikuwa na wasiwasi na vumbi, lakini alikuwa amevaa miwani ya jua niliyomnunulia Kariakoo na alikwenda mbele yangu.

Nilijua Kota za zamani hazipo, nikawa nimemwandaa. Zile nyumba za chini zilivunjwa, wakazi wake, kaya 644, wakakaa miaka mingi wakisubiri, na mwaka 2022 zikazinduliwa ghorofa mahali palepale. Babu ameyatazama maghorofa, nguo zimeanikwa kwenye vibaraza. "Hapa nitauliza nyumba ipi?"

Tumeuliza kahawani. Kila mtaa wa Dar una wazee wake wa kahawa, nawashukuru Mungu kwa ajili yao. Walikuwa wanne kwenye benchi, wanacheza bao, wa tano anauza kahawa na kashata. Babu akawaamkia, wakampa nafasi, akapewa kikombe. Hakuanza na swali lake. Ameanza na bei ya karanga, wakamwuliza mvua za kwao, wakamtania kidogo Ugogo wake, naye akawarudishia. Robo saa nzima. Mimi nimekaa mikono imelowa jasho.

Halafu akalitaja jina, na jina la baba yake, na kwamba alikuwa na kovu kwenye nyusi.

Mzee mmoja aliyekuwa ameshika kete akazirudisha shimoni. "Fundi baiskeli?"

"Sijui kazi yake. Mimi nilimjua vitani."

"Ndiyo huyo. Alirudi kutoka Uganda akafungua banda la baiskeli, pale kona. Mimi mwenyewe alinitengenezea."

"Alirudi," Babu amesema.

"Alirudi bwana. Alioa, akazaa. Amefariki mwaka 2006, mwezi wa Ramadhani."

Babu akakiweka kikombe chini taratibu sana, kama kimejaa pomoni, na kilikuwa kitupu. "Alirudi," amerudia, akinigeukia mimi, kana kwamba wengine hawakusikia. Machozi yalishuka kutoka jicho moja tu, lile la zamani. Nikakumbuka masharti ya daktari, nikampa kitambaa safi, nikamwomba asilisugue jipya.

Baadaye akamwuliza yule mzee kama mwenzake alipata kusimulia habari za Mgogo mmoja aliyeacha mzigo wake. Mzee alifikiri kwa uaminifu, hakutaka kumdanganya. "Habari za vita hakuwa anazisema, ndugu yangu. Alikuwa mtu wa utani, ila hizo hapana."

Mjukuu wa muuza kahawa ametupeleka makaburini. Kaburi halina kibao, lina jiwe tu kichwani, kati ya mengine mengi, na nyasi zimelipanda. Babu akavua pama. Yeye ni Mwanglikana wa Mpwapwa, yule mtoto ni Mwislamu, basi mtoto akainua viganja akasoma Fatiha na Babu akasimama kimya hadi alipomaliza.

Kisha akataka kuinama kung'oa magugu. Nimemkataza. Amekasirika, mara ya kwanza katika safari hii. "Miaka yote nakuja na mikono mitupu, unanizuia hata hili?" Nikamwambia mikono ninayo mimi. Nikapiga magoti, nikaanza. Yeye akasimama juu yangu na fimbo, ananielekeza: hilo, na hilo, ng'oa na mzizi, usikate, ukikata linarudi, hilo liache, hilo ni ua. Alikuwa anaona kila jani. Nilipomaliza kucha zimejaa udongo, akaniomba kiganja, akauminya ule udongo kidogo kwa vidole viwili.

"Kichanga," amesema. "Muhogo ungestawi."

Yule mtoto ametuonyesha anapokaa binti wa marehemu, lakini amesafiri kwenda Tanga. Nimeacha namba yangu. Babu amemwachia nusu ya kiroba cha karanga kwa muuza kahawa, na ujumbe: zimetoka kwa mtu aliyebebewa sanduku Lukaya. Amemfanya yule mzee aurudie mara mbili, asije akakosea jina la mahali.

Siku ya nane, Jumapili

Treni ya asubuhi. Kiroba kimerudi nusu, na ndani yake kuna mbegu za alizeti alizochagua mwenyewe jana jioni Kariakoo, akizimwaga kiganjani na kuzigeuza moja moja mpaka muuzaji akachoka. Dodoma atapokewa na mama, na huko ndiko atakakomalizia matone na kuonwa tena na daktari.

Amekaa dirishani. Morogoro amenionyesha milima ya Uluguru kama vile mimi ndiye mgeni. Kwenye mahandaki amefumba macho. Baada ya Kidete akaanza kusogeza paji la uso karibu na kioo.

"Gulwe hiyo," nikasema.

"Naiona, mchumba. Kaa kimya."

Kulikuwa na mabua ya mtama yaliyovunwa, na mtu mmoja na punda wake kando ya reli ya zamani. Babu akainua mkono kumpungia. Tulikuwa tumeshampita.